Jinsi Bibi Alivyostaafu Kupika

Baba yangu alikuwa fundi cherehani katika mtaa wa Waswahili pale Gisenyi, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu: mchana hali chakula kisichopikwa na mama yake mzazi. Mama yetu alijaribu miaka miwili ya mwanzo ya ndoa, akachoka, akaenda zake sokoni kuuza vitambaa, jiko akamwachia mama mkwe.

Bibi naye alikuwa amechoka. Asubuhi moja ya mvua, nikiwa na miaka tisa na mdogo wangu wa kiume ana saba, alitukalisha kando ya mbabula, jiko lake la makaa, akafunga mlango wa uani.

"Leo munaanza kazi," alisema. "Na mutu akifungua mudomo yake inje, nitamupika yeye."

Alitufundisha bila haraka na bila kofi hata moja. Aliulaza mkono wangu juu ya wake, akaguna. "Mukono yako ni nusu ya yangu. Donc, basi, chumvi unatia mara mbili." Maji ya wali yeye aliyapima kwa kifundo kimoja cha kidole, sisi tulipewa vifundo viwili. Vitunguu alitufunza kwa masikio. Alitufunga macho kwa mtandio wake tukasikiliza sufuria.

"Kinalia ao kinaimba?" aliuliza.

"Kinalia, Bibi," alijibu mdogo wangu.

"Bon. Geuza, kabla hakijakufa."

Viazi vya Bugeshi mdogo wangu alivichonga vikawa watu wenye kofia. Nilidhani Bibi atamfokea kwa kupoteza chakula. Aliwachemsha wote, akaanza kula vichwa.

Baada ya mwezi mmoja tulikuwa tunapika kila kitu, naye amelala juu ya mkeka na kikombe chake cha kahawa, akitoa amri kwa kidole gumba cha mguu. Hapo ndipo uovu wetu ulipokamilika. Adhuhuri, tukisikia viatu vya Baba kwenye kokoto, Bibi aliruka kama msichana, akajipaka unga mikononi na masizi kwenye paji la uso, akainama juu ya sufuria.

"Aa, mugongo yangu!"

"Pole, Mama," Baba alisema, uso umemnyong'onyea. "Unateseka sana juu yangu."

Huruma ilimzidi, akaanza kumletea biskuti kutoka Goma. Bibi alizificha ndani ya kopo la mchele, na Baba akirudi kwenye cherehani yake tuligawana sawa kwa sawa. Aliziita mshahara. Mama aligundua siku ya kwanza tu, aliponusa vidole vyangu vimejaa kitunguu saumu. Alicheka peke yake huku akikunja vitambaa.

Mambo yaliharibika Bibi alipokwenda Kanama kwenye harusi ya mjukuu wa dada yake. Aliondoka alfajiri. Baba alibaki kama mjane. Baadaye asubuhi ile alishuka ziwani mwenyewe, akarudi na samaki mkubwa, akamweka jikoni akisema Mama yetu atampika jioni na yeye atavumilia. Kisha akaenda kazini.

Sisi tulimwona samaki, tukampika. Hatukufikiri. Mikono ilikuwa imezoea.

Adhuhuri Baba alikuja kunywa chai tu, lakini harufu ilimkamata mlangoni. Alikaa, akala. Akaongeza. Alikuwa analamba kidole cha mwisho alipoacha ghafla, kidole kiko bado mdomoni.

"Nani amepika?"

"Bibi," alisema mdogo wangu.

"Bibi iko Kanama."

"Alipika mbele ya kuenda."

"Samaki hii nimenunua saa mbili. Bibi ameenda saa kumi na mbili. Alimupika namna gani, akingali ndani ya maji?"

Mdogo wangu alifikiri sana. "Bibi yetu ni hodari, Baba."

Mimi nililia, nikatapika siri yote: unga, masizi, mgongo. Nilingoja kipigo. Baba aliinamia mifupa ya samaki, mabega yakimtikisika, nikajua nimemliza baba yangu. Alipoinua uso, nikaona anacheka bila sauti.

"Na biskuti?"

"Tulikula wote."

"Bon. Bibi akirudi, mutu asiseme kitu."

Kwa hiyo tulifunga tena midomo, safari hii kwa upande wa adui.

Bibi alirudi Jumamosi. Baba alifunga duka mapema, akaleta kiti chake uani, akakiweka mbele ya mbabula. "Mama, nimetamani sana mikono yako. Leo nataka nikuangalie ukipika. Watoto wakae mbali."

Bibi alitutazama. Sisi tulitazama mawingu.

Alipika, maskini, huku jasho likimtoka. Lakini kwa miezi minane hakuwa amepika, alikuwa akitutajia vipimo vyetu sisi, na mkono sasa uliufuata mdomo: chumvi mara mbili, maji vifundo viwili. Wali ukawa uji, na uji ukawa na ladha ya machozi. Baba alimeza matonge matatu, akanywa maji kikombe kizima.

"Mama, mugongo inauma?"

"Inauma kidogo, mwanangu."

"Basi pumuzika. Wapishi wako iko pale."

Bibi aligeuka taratibu. "Nyoka wawili!" alitupigia kelele. "Na biskuti zangu mulikula!" Kisha alimrushia Baba kitambaa cha jikoni, akaketi chini, akacheka mpaka mtandio ukamdondoka.

Tangu siku ile tulipika mlango ukiwa wazi. Lakini Baba, kwa kuwa sasa alijua, alianza kuona kasoro kila siku: leo maharage magumu, kesho mchuzi mwepesi. Tulivumilia wiki mbili. Ya tatu mdogo wangu alimwekea mezani kisu, ungo na viazi sita vibichi, akaondoka. Baba aliita, hakuna aliyeitika. Tulimchungulia kutoka nyuma ya mlango, Bibi akiwa juu yetu, kidevu chake kichwani mwangu. Baba alitazama kulia, akatazama kushoto, akachukua kiazi cha kwanza, akakiacha kisu palepale, akaanza kukimenya kwa mkasi wake wa kazi.