Suti ya Kijivu Ilibaki Kabatini

Umma wote unatangaziwa, waliovaa na wasiovaa, ya kwamba suti si taksido na taksido si suti. Zisichanganywe, zisiazimane, zisikae hata kwenye henga moja. Suti kola yake ni ya kitambaa kilekile cha koti, haina makuu. Taksido kola yake ni ya satini, inang'aa kama mtoto aliyepakwa mafuta na bibi yake siku ya kupiga picha. Suti inapokea tai ndefu. Taksido inataka kipepeo shingoni. Suruali ya suti ni suruali tu, lakini ya taksido ina mstari wa satini ubavuni, kutoka kiunoni hadi kwenye kifundo cha mguu, sijui ili mvaaji asipotee njia akiwa anashuka. Suti huvaliwa saa yoyote. Taksido, wenye nayo wanasema, ni vazi la jioni. Atakayekiuka tangazo hili atajibu mwenyewe mbele ya shangazi wa bwana harusi.

Na huyo shangazi msimchukulie kwa wepesi. Alikwenda ng'ambo mara moja, akakaa wiki mbili, na tangu arudi hajawahi kumaliza kurudi. Ndiye aliyeshika usukani wa harusi ambamo Mzee Trei alikuwa anamwoza binti yake wa pekee.

Mzee Trei ni weita. Jina hilo alipewa na majirani, kwa sababu hata akienda dukani kununua kiberiti mkono wake wa kushoto huwa umekunjwa, kiganja juu, usawa wa bega, kana kwamba kuna glasi kumi na mbili zimepanda hapo na zinamwangalia. Kazi yake ni kwenye ukumbi wa sherehe wenye mapazia ya zambarau na feni zinazolia kama zinadai haki. Amehudumia harusi za watu, kisha harusi za watoto wa watu wale wale. Amewaona mabwana harusi wakilia na wakwe wakigombania nyama. Viti vya ukumbi ule anavijua kimoja kimoja, lakini anavijua kwa migongo, maana hajawahi kukalia hata kimoja.

Nguo ya kazi ukumbini wanaiita sare, basi. Koti jeusi, kola inayong'aa, shati jeupe, kipepeo cha lastiki, suruali yenye ukanda wa kung'aa pembeni. Mifuko yote imeshonwa ikafungwa kwa amri ya msimamizi, aliyesema siku hizi vijiko vimeota miguu. Mzee Trei aliivaa sare hiyo miaka nenda miaka rudi, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ina jina jingine.

Binti alipochumbiwa, mzee aliomba jambo moja tu. Hakuomba mahari kubwa wala gari la kumbeba. Aliomba akae. Siku hiyo, ukumbini palepale, akae meza kuu karibu na mwanawe, kiti kimshike mgongo, mtu mwingine amletee soda. Na alitaka awe kwenye picha, kwa sababu kwenye picha zote za harusi alizowahi kuzipitia hutokea mkono wake tu.

Akaenda kwa fundi cherehani wa mtaani akashonesha suti ya kijivu.

"Mifuko mingapi?" fundi akauliza.

"Yote."

"Yote ndiyo mingapi, Mzee wangu? Hili ni koti, si jengo la ofisi."

"Weka ya nje, weka ya ndani, na ule mdogo wa juu wa leso. Na isiwe ya mapambo. Iwe ya kuingiza mkono."

Ilipokuwa tayari akaivaa mbele ya kioo, akatia mikono mifukoni, akabaki amesimama hivyo hadi mkewe alipomwambia kama amemaliza kujichumbia aje ale.

Wiki ya harusi ikafika. Mkewe akapokea simu ya Shangazi akiwa anakaanga vitunguu, akaleta ujumbe chumbani na mwiko mkononi.

"Shangazi anasema wazazi wa kiume waje na teksi do."

"Teksi do ndiyo nini?"

"Ndiyo teksi za siku hizi, nadhani. Za watu wazito."

"Ukumbi uko hapo nyuma ya soko, teksi ya nini?"

"Usiniulize mimi. Wewe unataka tuonekane tumekwenda kwa miguu?"

Mzee Trei akasema "haya". Neno hilo ndilo limemfikisha alipo. Msimamizi akimwongezea meza, haya. Mgeni akirudisha supu kwa kuwa ni ya moto, haya. Akaenda kukodi teksi.

Siku mbili kabla ya harusi Shangazi akapiga mwenyewe. Simu ilikuwa mezani, imewekwa spika, kwa sababu sikio la mzee limechoshwa na muziki wa watu. Binti alikuwa pembeni akijaribu viatu.

"Mkwe, hamjambo huko? Lile suala la taksido limefikia wapi?"

"Limekwisha, Shangazi. Nimeshakodi."

"Safi! Ya kukodi si mbaya. Nyeusi, natumaini."

"Nyeupe."

"Nyeupe?" Shangazi akapumua. "Haya, hata huko nje niliziona nyeupe. Na mstari wa ubavuni?"

"Upo. Wa njano."

"Wa njano! Mkwe!"

"Zote zina wa njano, Shangazi. Ndivyo zilivyo."

"Na umeijaribu? Inakukaa vizuri?"

"Tunakaa wanne. Watano tukibanana, kama mama yake atakubali kupakatwa."

"Mkwe, unazungumzia nini?"

"Teksi."

Kilichofuata kilikuwa kicheko, na kicheko hicho hakikuwa na adabu. Kilitoka kwa Shangazi kikahamia kwa watu wengine wa nyumba ile, maana simu ilizungushwa, na Mzee Trei akakaa anasikiliza maneno yake mwenyewe yakisimuliwa sebule ya wakwe, "anasema wanakaa wanne!", huku mkewe akiitazama dari kama mtu anayetafuta pa kupandia. Shangazi aliporudi kwenye simu, akiwa bado anafuta machozi, akamweleza taksido ni nini. Koti jeusi. Kola ya satini. Shati jeupe. Kipepeo. Mstari wa kung'aa kwenye suruali.

Kadiri alivyoeleza ndivyo mzee alivyopoa. Kitu chenyewe kilikuwa mbele yake, kimetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, kinanuka mchuzi wa juzi.

"Shangazi," akasema taratibu, "hiyo kwetu huku haipatikani. Mimi nina suti yangu mpya ya kijivu, nzuri tu..."

"Baba!" binti akadakia, kiatu kimoja mguuni, uso umechanua kama wa mtu aliyeokota ufunguo uliopotea. "Si ile pale!"

Simu ilikuwa na masikio. "Ipo?" Shangazi akasema. "Basi yamekwisha. Tuonane Jumamosi."

Simu ikakatwa. Mzee Trei akamtazama mwanawe.

"Mwanangu, hiyo ni sare."

"Nani atajua, Baba? Tutaifua, tutaipiga pasi. Ni siku moja. Wenzetu wote wanakuja na taksido, wewe uje na suti kama mtu anakwenda benki? Usinitie aibu kwa watu wazima."

Hapo angeweza kusema. Angeweza kumwambia kwamba miaka yote aliyoivaa nguo ile hakuna aliyewahi kumtazama usoni. Mkewe akamkonyeza, sema naye. Akafungua mdomo.

"Haya," akasema.

Ijumaa akampelekea fundi lile koti afumue mifuko angalau. Fundi akafumua, akaingiza kidole, kidole kikatokea upande wa pili.

"Mzee, hawa watu wako walikata mfuko wenyewe ndipo wakashona. Hapa kuna mdomo, tumbo hakuna."

"Huwezi kutia jipya?"

"Naweza, wiki ijayo. Leo nina sare za kwaya nzima. Hata wewe unaona."

Aliona. Akarudi nyumbani na koti lenye midomo isiyo na matumbo, na leso nyeupe mpya aliyonunuliwa na mkewe kwa ajili ya machozi ya baba. Suti ya kijivu akaifungia kabatini.

Jumamosi, saa tisa alasiri, jua likiwaka kama limelipwa, vazi la jioni liliingia ukumbini. Teksi ilimleta kweli, maana dereva aligoma kurudisha pesa ya kushikia nafasi. Mzee Trei akashuka amenyooka, ananukia sabuni. Leso haikuwa na pa kuingia. Akaifanya alivyozoea kufanya kitambaa chochote cheupe: akaitundika kwenye mkono wa kushoto.

Mlangoni akakutana na baba wa bwana harusi, mtu mnene wa furaha, ndani ya suti. Suti ya kijivu. Mikono ameitia mifukoni hadi kwenye vifundo.

"Mkwe! Wewe umevaa ile kitu? Mimi dada yangu kanisumbua wee, nikamwambia hizo nguo za pengwini siziwezi, nina kitambi."

Mzee Trei akamtafuta Shangazi kwa macho. Shangazi akainua mabega. "Huyu ni kaka yangu mkubwa," akanong'ona. "Nimfanye nini? Hasikii."

Akaifikia meza kuu. Kiti chake kilikuwa na karatasi, BABA WA BIBI HARUSI, kwa herufi za dhahabu. Akakishika mgongo, akakivuta. Sauti ile ya mguu wa kiti kwenye sakafu ndiyo iliyomponza, kwa sababu bibi mmoja wa upande wa pili alikuwa anapita hapo na fimbo yake, akaona kiti kimevutwa na mtu mwenye kipepeo amesimama nyuma yake, akakaa.

"Ahsante, baba," bibi akasema, akimpigapiga mkono. "Nipatie na soda ya baridi. Isiwe ya rangi."

Huwezi kumwinua bibi wa watu kwenye kiti siku ya harusi. Akaenda kutafuta soda, na kiti kingine. Soda aliipata.

Wenzake wa kila siku wangemwokoa, lakini msimamizi alikuwa amewapanga jikoni na kuleta vibarua wa nje wa kuhudumia. Hao hawakumjua. Mmoja akampita mbio, akamwambia, "Mzee, chukua upande wa kushoto, mimi nachukua kulia."

Kule kushoto, meza ya sita, alikaa mheshimiwa fulani mwenye saa kubwa kuliko mkono, na wageni wake.

"Weita! Huku hatujaona hata barafu."

Mzee Trei akasimama. Akajikaza. Akasema, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia ndani ya ukumbi ule, "Samahani, mheshimiwa. Mimi ni baba wa bibi harusi."

Meza nzima ikamtazama kola, ikamtazama kipepeo, ikamalizia kwenye leso iliyotundikwa mkononi.

"Na mimi ni bwana harusi," mheshimiwa akasema, na meza ikacheka hadi vijiko vikalia. "Lete barafu, baba. Na maji."

Akaleta barafu. Ukishamletea mtu barafu huna tena la kumwambia.

Mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Sasa tunamwomba baba mzazi wa bibi harusi apite mbele! Yuko wapi baba yetu?" Mzee Trei akatoka kasi akiwa na trei, mkono usawa wa bega, glasi hazikutikisika hata moja. Mshereheshaji akamwona anakuja, akamshika bega kwa upole na kumsogeza kando. "Kaka, mpishe baba apite kwanza." Watu wakageuka kumtafuta baba. Baba wa bwana harusi, aliyekuwa amesimama na mikono mifukoni, akasukumwa mbele na Shangazi ili pengo lisionekane. Akapigiwa makofi. Mpiga picha akapiga magoti.

"Weita, toka kidogo hapo nyuma, unaingia kwenye picha."

Akatoka. Mkewe, aliyebanwa katikati ya wamama wa upande wa pili, alikuwa anampungia mkono, njoo, njoo. Mgeni wa meza jirani akadhani anaita huduma, akamwonyesha mzee kidole: "Yule mama kule anakuita, mpelekee soda."

Keki ilipokatwa yeye alikuwa jikoni anajaza jagi. Huko wenzake walipomwona walishangaa. "Mzee Trei, si una ruhusa leo?" Akafunga bomba. Jagi lilikuwa linafurika.

Jua lilikuwa bado juu binti alipompata, kwenye korido ya jikoni, shela ameikunja mkononi isiburuze kwenye maji ya vyombo. Krimu ya keki ilikuwa imemkaukia vidoleni.

"Baba! Nimekutafuta ukumbi mzima. Nimeshika kipande cha kwanza, naita baba, naita baba, watu wote wananiangalia. Mwisho nimemlisha baba mkwe." Macho yake yalikuwa mekundu. "Ulikuwa wapi?"

Mzee Trei akahamisha jagi kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Akatafuta mfuko wa kutia leso, vidole vikapita hadi upande wa pili.

"Meza ya sita hawakuwa na maji," akasema.