Chura wa Mama na Tende za Jirani

Mama yangu alizaliwa Unguja, na miaka yote hii tunayokaa Ibra, mji wa bara ya Maskati, hajaizoea mbingu ya hapa. Tangu miguu imkatae, kitanda chake kiko dirishani, na kila asubuhi huuliza kama kuna wingu.

"Mwezi huu kwetu ni wa mchoo," aliniambia kiangazi hiki. "Kimvua cha kulowesha mihogo tu. Nataka nikisikie tena kabla sijenda zangu."

Mimi nilikuwa nimetoka likizo Vietnam, nimeishiba mvua. Huko nilikuta watu wamesimama ndani ya maji wakipandikiza mpunga, na vilima vimechongwa ngazi ngazi ili maji yasipotee bure. Mwenyeji aliyetutembeza alisema kwamba kwao chura ni mjomba wa mbingu. Zamani ukame ulipozidi, alipanda juu akagombana mpaka akasikilizwa, na tangu hapo akisaga meno tu, mvua inanyesha. Sisi wageni tulicheka. Mkulima aliyekuwa karibu hakucheka, alitazama juu.

Nilimsimulia Mama ili nimchangamshe. Akadakia pale pale: "Basi niletee huyo mjomba."

Nikaenda kwenye falaji, mfereji unaonywesha mitende yetu, ambao mwaka huu maji yake yamekonda hata hayafuniki kokoto. Nikakamata chura, nikamweka kwenye ndoo chini ya dirisha. Dua tulimwomba Mungu, utani tulimpelekea chura. Mama akawa kila akiamka anamwamkia, "Shikamoo mjomba, hebu saga meno."

Nilichojisahaulisha ni jirani. Ng'ambo ya ukuta anakaa bibi mjane, naye wa Unguja vilevile, ambaye mimi humwita khalati, yaani mama mdogo. Ndiyo kwanza alikuwa amechemsha tende zake za mabsali, zile zinazokatwa zikiwa bado za manjano, akazianika uwanjani zikauke. Msimu huo mwenye tende nje haitaki mvua hata kwa dawa. Zikilowa zinachacha, na jasho lake la mwaka mzima limekwenda na maji. Nililijua hilo, na bado niliomba.

Wingu lilitoka milimani baada ya alasiri. Likaja vumbi, kisha matone mazito. Mama akapiga ukelele, "Nitoe! Nitoe nje!" Nikampakia kwenye kiti chake cha magurudumu, nikamsukuma hadi uani. Hapo nikasikia sauti ng'ambo ya ukuta: "Mwanangu! Njoo tuzikusanye, niko peke yangu!" Wanawe wote wako kazini Maskati.

Niliitika "Nakuja," na sikwenda. Mama alikuwa ameinua uso, kinywa wazi, anacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu baba afariki. Angeweza kukaa peke yake kidogo, si mtoto. Ni mimi niliyetaka kumtazama. Khalati akaita tena, na tena, kisha akanyamaza. Nikashusha pumzi, nikajiambia amepata wa kumsaidia. Nilifurahi, Mungu anisamehe.

Kesho yake uwanja wake ulikuwa tope tupu na tende zilizovimba. Wadi, bonde la mto lililo nyuma ya mitende, kavu tangu mwaka jana, ilikuwa inashuka maji, na watu walikuja na magari kuitazama na kupiga picha. Mimi nilikwenda kumrudisha chura kwenye falaji. Nilimwonea haya hata yeye.

Jioni khalati akaja kumwona Mama, na birika la kahawa na kisahani cha tende alizowahi kuokoa.

"Shikamoo, khalati," nikasema, macho chini.

"Marahaba, mwanangu. Mvua rahma, alhamdulillah."

Nikaanza kumweleza kwamba nilikuwa nakuja, kwamba kiti, kwamba Mama. Akanikatiza kwa mkono.

"Nilimsikia mamako anacheka," akasema. "Nikaona basi, nisikuite tena."