Kinyozi Hajafika

Kila Jumamosi tunakimbia mbio ndefu za kujiandaa na marathoni, na anayetuongoza ni kinyozi wa mtaani kwetu. Hukimbia vidole vimejikunja kana kwamba ameshika mashine, na akikupita hukuinamisha kichwa kidogo na kukwambia kwa upole, "Tulia hivyo hivyo." Nawe unatulia. Kwake yeye, mtu hajafika mpaka abonyeze saa yake ya mkononi inayopima mbio. Juzi saa hiyo ilizima tukiwa tumebakiza hatua chache kufika getini kwake. Akasimama nje, mguu mmoja juu.

"Ingia basi, chai inapoa," mkewe akamwita.

"Sijafika, mama watoto."

"Si wewe huyo nakuona?"

"Unaniona, lakini sijafika."

Mama wa watu hakubishana. Alikwenda jikoni, akatungua saa ya ukutani, akamkabidhi. Kinyozi akaipakata kama mtoto mchanga, akageuka kuzianza mbio zote upya, na sisi, watu wazima wenye wajukuu, tukamfuata bila kuulizana. Tulirudi jua liko utosini. Pale getini akavuta pumzi, akaibonyeza ile saa katikati ya kioo.

"Karibu," mkewe akasema. "Sasa umefika."