Kompyuta Kumi, Jina Moja

Mpaka leo nikiona kitambaa cha kufuma juu ya mashine, damu inanichemka.

Nilikuwa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja cha Westlands. Chuo kilijivunia klasta yake, yaani kompyuta kumi zilizounganishwa ili zigawane kazi moja na kuimaliza haraka. Zilipangwa kwenye meza ndefu, kila moja na namba yake, kila moja imefunikwa kitambaa cheupe kama makochi ya sebuleni kwetu, mtaa wa Satellite. Wageni waliletwa kuzitazama. Sisi wanafunzi hatukuruhusiwa kuzigusa, isipokuwa ile ya kwanza, mwishoni mwa meza. Hapo ndipo tulipoketi kuzipa kazi zile nyingine.

Mtihani wangu wa mwisho ulikuwa huu: niandike programu inayoigawia kila kompyuta kipande cha hesabu, na kila moja ikimaliza, ijitaje. Nikionyesha majina kumi, nimefuzu. Nisipoonyesha, narudia mwaka, na baba alikuwa ameshautangazia ukoo mzima kule Kakamega kwamba namaliza.

Nilipoiendesha mara ya kwanza, mistari kumi ilitokea kwenye skrini: kompyuta ya kwanza, kompyuta ya kwanza, kompyuta ya kwanza, hivyo hivyo hadi chini. Moja ilikuwa inafanya kazi ya kumi.

Nikamwendea fundi wa maabara. Hakuinua hata macho kutoka kwenye chai yake.

"Madam, code yako ndio iko na shida. Hizi machine ziko sawa. Si unaona taa zinawaka?"

Nikamwamini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Wiki tatu nilifuta na kuandika upya programu isiyo na kosa, nikijiona mjinga wa kutupwa.

Siku mbili kabla ya mtihani, kalamu yangu ilianguka nyuma ya meza. Nilipoinama kuiokota, nikaziona waya za mtandao za kompyuta tisa. Zilikuwa zimechomolewa, zikakunjwa vizuri na kufungwa kwa raba.

"Boss, hizi waya mbona zimetolewa?"

"Zilikuwa zinaning'inia vibaya. Wageni wakikuja wataona nini?"

Wala hakuona haya. Nilizichomeka moja moja mbele yake, nikaendesha nakala niliyokuwa nimeihifadhi ya programu yangu ya siku ya kwanza, bila kubadilisha hata nukta. Majina kumi tofauti! Nililia palepale kwenye kiti.

Siku ya mtihani watahini watatu waliketi nyuma yangu. Nikabonyeza. Kompyuta ya kwanza. Kompyuta ya kwanza. Sikuhitaji kusoma mstari wa tatu. Watahini nao ni wageni, na maabara ilikuwa imepangwa ipendeze.

Sikuomba ruhusa ya mtu. Nilizunguka meza, nikapiga magoti na sketi yangu ya kuazima, nikang'oa raba na kuchomeka waya zote tisa huku wazee wa watu wakinitazama mgongo. Kisha nikabonyeza tena, na majina kumi yakatokea.

Mwenyekiti wao aliandika kwamba nimefuzu. Chini yake, kwenye nafasi ya maoni, akaongeza: "Mwanafunzi ajifunze kuandaa vifaa vyake mapema."

Nilipogeuka kuondoka, fundi alikuwa ameshainama nyuma ya meza, anazifunga tena waya kwa raba.