Kwa Bosi Essilfie Hakuna Kibovu

Ukimsalimia Ekow Essilfie asubuhi, hakujibu salama wala namshukuru Mungu. Alijibu "Imara!", kwa sauti ya mtu anayegombana na jirani, kisha akakukazia macho mpaka na wewe useme imara. Kama una mafua, shauri yako. Ukikohoa mbele yake alikwambia, "Dzigbordi, mwanangu, kikatae hicho kikohozi." Dzigbordi ndiye mimi. Nimevikataa vikohozi vingi katika ofisi ile, na vyote viliendelea kunikohoza.

Tulikuwa Tema, mji wa bandari wa Ghana, kwenye kampuni inayotunza kompyuta za watu wasiotaka usumbufu wa kutunza zao: zahanati, shule, maduka ya dawa. Ndani ya chumba chenye baridi ya kugonganisha meno kulikuwa na seva moja kubwa ya chuma, na ndani ya chuma hicho, kwa ujanja wa programu, tuliumba seva pepe nyingi. Kila mteja alijua ana seva yake. Ni nyumba ya kupanga tu: kila mpangaji ana mlango wake, kufuli lake na maringo yake, lakini bomba la uani ni moja. Likikauka, hata yule mwenye mapazia ya bei mbaya hanawi uso.

Kazi yangu na mwenzangu Laryea ilikuwa kuvizia ubovu. Programu moja ilizunguka kutwa ikibisha kila mlango: upo? Asiyeitika alitangazwa kwenye skrini kubwa ya ukutani kwa maandishi mekundu. Chuma chenyewe nacho kilijisemea: feni inakwama, joto limepanda, diski hii haifiki mwisho wa wiki. Seva ni mmbeya, na umbeya wake ndio uliokuwa ukitulisha mimi na Laryea.

Basi Bosi Essilfie akaenda semina. Sijui walimlisha nini huko, ila alirudi Jumatatu na tai mpya, akasimama mbele ya skrini, akasoma: DISKI IMESHINDWA.

"Nani kaandika upuuzi huu?"

"Mashine, Bosi," nikasema.

"Mashine haina ruhusa ya kutamka kushindwa ndani ya jengo hili. Kinywa kinaumba. Laryea!"

"Imara, Bosi!" Laryea ni wa kabila la Waga, mzaliwa wa Teshie, mdomo wake hauna breki, lakini kazi aliipenda.

"Badilisha. Pale inaposema imeshindwa, iseme inaimarika. Pale inaposema hatari, iseme inapumzika."

"Na pale seva isipojibu kabisa, Bosi? Iseme inatafakari?"

Jamani, alikuwa anamdhihaki! Bosi akampiga begani kwa furaha. "Umeanza kuelewa, kijana wangu."

Wekundu ukafutwa, yakaja maandishi ya rangi ya dhahabu. Vile vitaa vya chungwa vinavyowaka kwenye diski mbovu, Bosi alivibandika utepe mweusi kwa mkono wake mwenyewe, eti vinawatia wageni wasiwasi. Baada ya muda akaona hata hilo neno "inaimarika" lina kasoro, maana ni kama kukiri kwamba kabla ya hapo kulikuwa na udhaifu. Akaamuru kila mstari useme Imara, basi. Wageni walipoletwa kutazama, skrini iling'aa kama duka la sonara, na Bosi akasimama pembeni akipokea sifa.

Nilimwambia. Asije mtu akasema sikumwambia. "Bosi, hii skrini kazi yake ni kulalamika. Ukiiziba mdomo, tutajuaje?"

"Wewe Dzigbordi una roho ya woga."

"Sawa, ninayo. Lakini diski ikifa?"

"Ikifa, ikifa! Umesikia ulivyosema? Mara mbili!"

Nikaachana naye.

Na mwili wake ulikuwa hivyo hivyo, ila sisi hatukuwa na skrini yake. Alikunywa maji kama anayezima moto, chupa haikauki mezani, na baada ya kila chupa anatoka mbio, eti anakwenda kupiga simu. Simu za chooni. Mchana alikula kenkey, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachuka, na samaki akateremshia malta mbili zenye sukari ya kutosha kuangusha farasi. Suruali zikaanza kumpwaya, mshipi akautoboa tundu jipya kwa bisibisi yetu. Mkewe, Auntie Araba, alipomuuliza mbona anakwisha, alimjibu kwamba amefunga. Kufunga gani kwenye malta mbili? Alipoanza kuchechemea mguu wa kushoto alisema kiatu ni kipya. Kiatu kile nilikijua tangu nianze kazi.

Siku yenyewe ilianza na mlio. Ndani ya seva kuna kidude kidogo kinacholia kitu kikiharibika, na Bosi hakuwahi kukigundua, la sivyo angekiziba kwa ubani wa kutafuna. Kililia pii, pii, pii. Tukatazama skrini: Imara, Imara, Imara, juu hadi chini.

"Ni diski," Laryea akasema. "Zile mbili pacha. Moja imekufa, nyingine inabeba mzigo peke yake. Tuitoe mbovu tuweke mpya, dakika tu. Ila ipi, dada?"

Hapo ndipo tulipokwama. Skrini ilisema zote mbili ni imara, na taa zilikuwa chini ya utepe. Nikanyoosha kidole niubandue, Bosi akaingia na soksi. Viatu tuliviacha mlangoni kwa sababu ya vumbi, hiyo ilikuwa sheria yake, na nakubali ilikuwa sheria nzuri.

"Usiguse! Ukibandua unakaribisha."

"Nakaribisha nini, Bosi? Mwenyewe keshaingia, anapiga kelele!"

Akafumba macho, akaweka mkono kifuani, akaelekeza kidole. "Toa ya kulia. Moyo wangu una amani nayo."

Laryea akanitazama. Nikamtazama. Bosi ni bosi. Akaivuta ya kulia.

Ile ndiyo iliyokuwa nzima.

Mafeni yalivuma mara moja kisha yakashuka. Seva pepe zote, nyumba nzima na wapangaji wake, zikaanguka kwa pamoja. Skrini haikuwa na habari, iliendelea kutangaza Imara kwa dhahabu, mpaka mwisho. Simu ndizo zilizotwambia ukweli. Ya kwanza ilikuwa ya mama mwenye zahanati ya uzazi.

"Nina wazazi hapa na sijui nani ana damu ya kundi gani! Mashine yangu iko wapi?"

"Madam, mashine yako iko imara," Bosi akamjibu, jasho linamtiririka kwenye baridi ile.

"Imara wapi, uani kwenu? Mimi huku sioni kitu!" Akamtukana kwa Kiga, matusi ambayo Laryea aliyasikia kwa heshima kubwa.

Nakala za data zilikuwa jengo la pili, kwa hiyo kupona tungepona, taratibu. Laryea akazikimbilia. Bosi akawa anazunguka chumbani na soksi zake, anakemea mashine, anakemea simu, ananikemea mimi. Ndipo nikaona matone kwenye sakafu nyeupe. Yalimfuata kila alikokwenda.

"Bosi, unatoka damu."

"Si yangu."

"Humu ndani tupo wawili na mashine, na mashine hazina damu. Hebu inua mguu."

Akauinua wa kushoto. Skrubu ya kufungia seva, iliyotuponyoka wakati wa pilikapilika, ilikuwa imezama yote kwenye unyayo, kichwa tu kimebaki nje ya soksi. Alikuwa amezunguka nayo muda wote huo. Akaitazama kama ya mtu mwingine, kisha akatabasamu.

"Unaona? Haiumi hata kidogo."

Nilipatwa na baridi ambayo haikutoka kwenye kiyoyozi. Mjomba wangu wa Keta alianza na maneno hayo hayo, haiumi, na sasa anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu. Nikamkalisha Bosi kwa nguvu, nikamvua soksi, naye akawa anapiga kelele kama namvua na suruali. Kidole kidogo kilikuwa cheusi. Chini yake palikuwa na kidonda cha zamani, kimefungwa kitambaa kilichonata. Kumbe ile harufu ya uozo iliyojaa ofisini ilitoka hapa! Wiki nzima nilikuwa nimeandika taarifa za ubovu wa kiyoyozi, fundi amekuja amekifungua na kukifunga, nacho hakikuwa na kosa lolote.

"Laryea!" nikapiga ukelele. "Acha nakala zijipakie zenyewe! Lete gari!"

Hospitalini daktari, mama mmoja mpole wa sauti, alimuuliza, "Baba, unajisikiaje?"

"Imara!"

Na yule daktari akaandika. Nilimwona kwa macho yangu akiandika. Hapo yakanifika shingoni.

"Daktari, futa hiyo! Huyu mtu usimsikilize, haripoti kitu. Andika ninayokwambia mimi. Anakunywa maji kupita kiasi, anakojoa kupita kiasi, amekonda, kidonda hakiponi, na skrubu imemwingia hajui. Mguu wa kushoto. Si wa kulia, wa kushoto!"

"Dzigbordi, unanitamkia," Bosi akalalamika.

"Nakutamkia, ndiyo! Na bado sijamaliza!"

Laryea alitoa ile kalamu yake ya wino mzito anayoandikia nyaya, akapiga magoti, akaandika kwenye goti la kushoto la bosi wake kwa herufi kubwa: HUU. Nesi akacheka. Laryea hakucheka. "Dada," aliniambia, "leo nimeshatoa kizima mara moja. Yatosha."

Walimpima sukari, na daktari akasoma ile namba mara mbili. Akabonyeza mguu kuanzia vidole kwenda juu. "Hapa unasikia?" Hapana. "Hapa?" Hapana. Uozo ulikuwa umekwisha kupanda mfupani. Akavuta kiti akakaa, na daktari mwenye haraka akivuta kiti, ujue.

"Baba, ungekuja mwanzo ningekata kidole. Sasa nakata chini ya goti, na nakata leo, ama utakufa."

Bosi Essilfie aliinama akautazama ule mguu. Hakukemea. "Lakini hukuniambia kitu," akauambia, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. "Ungeniambia."

Nilikuwa na jibu mdomoni, jibu zuri la kumkomesha, nililoliandaa kwa miezi. Nikalimeza. Nililia kwenye korido mpaka Laryea akaniletea maji.

Jioni hiyo Laryea alirudisha wekundu wote kwenye skrini na kubandua utepe. Hakuomba ruhusa kwa mtu.

Bosi alipotolewa hospitali tulikwenda kumwona nyumbani. Sebule ilijaa watu wa kanisani, wamevaa vizuri, sahani za wali na kuku mapajani. Auntie Araba, macho yamevimba, alikuwa akiwapokea mlangoni mmoja mmoja. Kitu alichofundishwa na mumewe miaka yote ndicho alichowaambia.

"Ekow yuko imara. Anapumzika tu."

"Amina," wakaitika. "Imara!"

Mlango wa chumbani ulikuwa wazi kidogo.

"Araba!" sauti ikatoka huko, ile ile ya kugombana na jirani. "Waambie mguu umekatwa!"

Vijiko vikasimama.

"Waambie umekatwa kwa sababu ulipouma sikusema, na ulipoacha kuuma nikashangilia! Na huu uliobaki unawaka moto usiku kucha, nao waambie! Dzigbordi yupo? Dzigbordi, andika!"

"Nimeandika, Bosi," nikaitika, na sikuwa hata na kalamu.

Kwenye kochi, mzee mmoja wa kanisa, mnene, aliyekuwa akiomba maji tena na tena tangu tufike na bado glasi iko mkononi, aliiweka chini polepole. Akatazama viatu vyake vilivyong'aa. Kisha akainama, mbele ya watu wote, akaanza kufungua kamba ya kiatu cha kulia.