GB zangu zilishuka Gitega, Mama akasikia UKIMWI

Wakuu, salamu kutoka Gitega, Burundi. Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na jirani. Pa kucheka mcheke tu.

Mimi ni fundi cherehani. Nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, amani iliporudi tukarudi kwetu Butihinda, Muyinga. Kifaransa changu ni cha bonjour na merci, basi.

Wakati huo nilikuwa nimeshaposwa na Deo, fundi pikipiki wa hapa mjini. Harusi ikiwa inakaribia nikashikwa na homa, koo linauma hadi mate hayapiti. Nikajua malaria hiyo. Kupima, hakuna malaria.

Daktari akaagiza damu ipimwe zaidi. Majibu yakaja kwa Kifaransa, akaweka kidole kwenye herufi GB, akasema ziko chini sana.

GB? Mi ninazozijua ni za bando! Nikamuuliza, "Daktari, nimeishiwa internet mwilini?"

Alicheka, halafu akaacha kucheka. Globules blancs, akaniambia, chembe nyeupe za damu, ndizo askari wa mwili. Kwa nini zimeshuka, bado hajui. Nilazwe.

Nikampigia Mama kule Butihinda, nikamwambia chembe za kinga zimepungua.

"Upungufu wa kinga?" akauliza.

Hapo ndipo nikasikia nilichosema. Wakuu, kwa Kiswahili maneno hayo yana jina moja tu. Mama akaanza kulia: "Yoo, Mana yanje, Mungu wangu! Na ng'ombe wa watu tumeshapokea!"

Na mimi nikaogopa. Kusema kweli nilimwogopa Deo kuliko ugonjwa.

Jioni akaja na uji. Nikamweleza yote bila kuzunguka, kwamba wamenipima na VVU, majibu bado. Akaweka chupa ya uji chini.

"Na mi wanipime," akasema. "Kama iko, dawa iko. Ndoa nayo iko. We kunywa uji."

Nililia mpaka koo likazidi kuuma.

Majibu yakatoka, hatuna wote wawili. Sasa kilichokula askari wangu ni nini? Udadisi ukanipanda. Daktari akipita tu, namshika na maswali. Kumbe sababu ni lundo: virusi vya kawaida, homa ya matumbo, kukosa vitamini fulani, bandama kuvimba, mwili kujishambulia wenyewe, uboho kushindwa kutengeneza damu, saratani na matibabu yake. Wengine wamezaliwa nazo chache na wanadunda tu. Halafu akataja dawa.

"We unakunywa dawa gani?"

"Sinywi kitu."

Deo, aliyekuwa kando ya kitanda, akadakia, "Na zile za shingo?"

Lahaula! Nina rovu. Tezi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi, moyo unakwenda mbio, na nilikuwa nimeanzishiwa vidonge si muda mrefu. Rovu lenyewe nilikuwa nalifunika kwa skafu, bibi harusi gani anataka rovu kwenye picha? Na vidonge sikuvitaja kwa sababu nilikuja na koo. Nilidhani shingo ya nje na koo la ndani hazijuani.

Daktari akavisimamisha palepale. Akasema vidonge hivyo vinawasaidia wengi, ila kwa wachache vinashusha chembe nyeupe, na homa na koo ndiyo dalili ya kukimbilia hospitali. Nikawekewa dripu ya antibiotiki, chembe zikapanda taratibu. Rovu likatafutiwa tiba nyingine.

Nilichojifunza: ukiambiwa nyeupe ziko chini usijihukumu, uliza sababu. Taja kila unachomeza, hata cha mitishamba. Na usiache dawa kwa sababu ya uzi wangu, muulize daktari wako.

Tulioana. Siku nikiamka mvivu Deo ananiuliza, "GB ziko ngapi leo?"

Na we uliyewahi kuambiwa hivyo, kwako ilikuwa nini? Mwaga hapa. Ila Mama naye anasoma comments, hivyo hilo neno kinga mlitumie kwa adabu.