Alitoa ushuhuda wa vile aliniharibia maisha, kanisa nzima ikapiga makofi

Wakuu, salamu kutoka huku Nyeri, kwenye baridi.

Hii nitawaambia vile ilitokea, sitaongeza chumvi. Majina nimebadilisha, kanisa na shule sitataja. Niite Mwalimu Wafula. Na niseme mapema, naandika nikiwa na hasira. Kama ulikuja kutafuta uzi ya kukutuliza roho, hii siyo.

Mimi ni mtu wa Bungoma. Nafundisha chemistry. Posting yangu ya kwanza ilikuwa shule moja ya wasichana upande wa Tetu, karibu na Giakanja. Nilipapenda. Watu wa huko wakishakuzoea wanakupa viazi mpaka unakosa pa kuziweka.

Kulikuwa na mwalimu wa biology, tumuite Madam Wairimu. Ndiye alinionyesha kila kitu nilipofika. Nyumba ya kukodi, duka ya mafuta ya taa, hata fundi wa viatu. Tulikuwa tunakula lunch meza moja.

Mwaka wa tano, nafasi ya HOD, yaani mkuu wa idara ya sayansi, ikawa wazi. Wote wawili tuliomba. Nikapewa mimi.

Alinipongeza. Alileta keki staffroom, wakuu. Alikata yeye mwenyewe.

Muhula uliofuata, barua isiyo na jina ikafika ofisi ya elimu. Ati Mwalimu Wafula anawapa wasichana wa Form Four karatasi ya mtihani kabla ya siku. Maofisa wakaja asubuhi, bila taarifa, wakaenda moja kwa moja kwa kabati yangu ya lab. Hawakupekua hata kabati nyingine. Wakatoa karatasi tatu chini ya chupa za asidi.

Ufunguo ya hiyo kabati ilikuwa na watu wawili tu. Mimi na Madam Wairimu. Lakini nani angemshuku? Mimi mwenyewe sikumshuku. Hiyo ndiyo inanichoma mpaka leo. Nilimshuku lab technician, mzee wa watu, nikidhani alichukua ufunguo yangu, na nikaondoka bila hata kumuaga.

Nilisimamishwa kazi siku hiyo hiyo. Nilivuka uwanja nikibeba carton ya vitabu, wasichana wamejaa kwa madirisha. Hakuna aliyesema neno. Afadhali wangenizomea.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mama yangu alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani kwake. Alinipigia.

"Wafula, ni kweli?"

"Si kweli, mama."

"Basi sawa."

Alisema basi sawa, lakini mimi najua sauti ya mama yangu. Aliacha kwenda kwa mikutano ya akina mama. Alikuwa na pressure tangu zamani, na miezi saba baadaye akatuacha. Kesi yangu ilikuwa bado.

Walimu wenzangu walituma kadi ya pole. Jina la Madam Wairimu lilikuwa la tatu kutoka juu, mwandiko mzuri wa mwalimu.

Kesi ikaisha ati ushahidi hautoshi. Hawakusema sikufanya. Haukutosha tu. Nikapewa barua ya onyo na transfer ya Doldol, huko Laikipia kwa wafugaji.

Sina ubaya na Doldol. Watu wa mifugo ni watu wa maneno machache, na wakati huo hiyo ndiyo ilinifaa. Nilikaa miaka minne. Nilikuwa naabudu kwa kanisa ya mabati, watu kama ishirini hivi. Kila Jumapili nilikuwa naomba Mungu kitu kimoja: amfunue huyo mtu. Sikuomba amsamehe. Amfunue.

Halafu nikapata transfer kurudi Nyeri town. Nikajiunga na kanisa moja kubwa hapa mjini. Siku moja kukawa na wageni kutoka Kerugoya, timu ya maombi. Pasta akasema kuna dada ako na ushuhuda wa kutikisa.

Akapanda Madam Wairimu. Sasa ni deputy principal huko Kirinyaga. Hakuniona, nilikuwa nyuma karibu na nguzo.

Akaanza. Ati alikuwa mtu wa wivu. Ati kuna mwalimu mwenzake ambaye yeye alimuandikia barua ya uongo, akamuwekea karatasi kwa kabati, mpaka huyo mwalimu akafukuzwa. Ati aliishi na huo mzigo mpaka siku alipookoka. "Lakini Bwana amefuta! Leo niko huru!"

Wakuu, watu waliruka. Kayamba, vigelegele, mama mmoja mbele yangu analia kwa furaha. Pasta anafuta jasho, anasema hiyo ndiyo neema.

Nilikuwa nagundua ni nani aliniharibia maisha, na nilikuwa nagundua hiyo kwa spika, katikati ya makofi.

Nikasimama. Sauti yenyewe ilitoka tu.

"Madam, huyo mwalimu anaitwa nani?"

Makofi ikaisha kidogo kidogo. Aliponiona, mkono wenye mic ulishuka mpaka kwa mapaja.

Pasta akachukua mic. "Brother, hapa si kortini. Kile Mungu amefuta, wewe usiandike tena."

Ushers wawili wakanishika viwiko, wakanitoa nje kama mlevi. Mzee mmoja wa kanisa akanifuata mpaka gate, akaniambia, "Kijana, Mungu mwenyewe amemsamehe. Wewe ni nani?"

Mimi ni nani? Mimi ndiye mtu!

Ngoja niseme kitu hapa kabla niendelee. Mimi naamini neema. Naamini Mungu anasamehe mwizi, muuaji, kila mtu, bila kulipia. Lakini ni nani aliwafundisha ya kwamba ukishaomba msamaha kwa Mungu, yule uliyemvunja anakuwa hadithi yako? Mimi niligeuzwa ushuhuda. Hata jina sikupewa.

Jioni hiyo nilitolewa kwa WhatsApp group ya kanisa. Ati niko na roho ya uchungu.

Wiki tatu zikapita. Jumamosi asubuhi nikasikia hodi. Ni Madam Wairimu. Peke yake, hakuna pasta, hakuna timu ya maombi. Nilimuonyesha kiti, akakataa kuketi.

"Mwalimu, sijakuja kukuambia unisamehe. Nimekuja kukuuliza unataka nifanye nini."

Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Kwa hiyo swali sikuwa nimejiandaa.

Nikamwambia kwa ukali, "Nenda ukaseme pale pale ulidanganyia. Staffroom ile. Na uandikie ofisi barua, na safari hii uweke jina."

Nitakuwa mkweli, wakuu. Sikusema hivyo ndiyo atubu. Nilisema kwa sababu nilijua hawezi. Nilitaka nimuone akirudi nyuma, nipate sababu ya kumchukia vizuri.

Akauliza, "Na mama yako?"

Nikamfukuza. Nilipiga kelele mpaka landlady akatoka nje na mwiko mkononi.

Siku tisa baadaye, principal wa ile shule yetu ya zamani akanipigia. "Mwalimu, Jumatatu asubuhi kuja. Kuna mtu ako na maneno."

Nilienda. Nilikaa karibu na mlango. Nusu ya walimu ni wapya, nusu wananijua. Madam Wairimu akasimama mahali tulikuwa tunakulia lunch. Hakuhubiri. Hakulia. Hakusema shetani alimdanganya.

"Ile barua niliandika ni mimi. Zile karatasi niliweka ni mimi, kwa sababu nilitaka kiti yake. Mwalimu Wafula hakufanya kitu hata moja. Nakala ya barua ya kukiri ndiyo hii, nyingine nimepeleka ofisini."

Akaweka karatasi mezani akatoka. Hakungoja mtu ampongeze. Nami baada ya chai nilienda lab kumtafuta yule technician nimuombe radhi. Nikaambiwa alistaafu. Nimepewa namba yake, nimempigia, alicheka tu akasema alikuwa amesahau. Sijui kama ni kweli.

Sasa hapa ndipo hasira yangu ya leo inatoka.

Mwezi haukuisha, Madam Wairimu akasimamishwa kazi. Mnajua watu wake wa maombi walifanya nini? Walimtoa kwa timu. Mialiko ikaisha. Wale wale waliopiga makofi!

Nilienda kwa ofisi ya yule pasta wa hapa mjini, ndiye huialika hiyo timu, mchana, nikaketi bila kuambiwa niketi.

"Pasta, dada yenu ako na shida. Mbona mmemuacha?"

"Brother, alikuwa amesamehewa tayari. Nani alimtuma kuandika barua? Ameaibisha kazi ya Mungu. Na wewe ndiye ulimsukuma."

"Kwa hivyo mlimpenda akisema dhambi, na mmemkataa akiirekebisha?"

Akaangalia saa. Akasema ako na mkutano.

Nilitoka nikapanda gari ya Kerugoya moja kwa moja. Nilimpata kwa shamba ya mama yake akipalilia nyanya, gumboots, kitambaa kichwani. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Nikafika, zote zikapotea.

"Kesi yako ni lini?" nikauliza.

"Alhamisi ya wiki ijayo. Mwalimu, usijali, mimi nimekubali chochote."

"Nitakuja."

Aliangalia chini, akaendelea kupalilia. Nikachukua jembe nyingine.

Alhamisi ofisa aliyekuwa anasikiza kesi aliniuliza, "Wewe ndiye mlalamishi?" Nikamwambia hapana, nimekuja upande wake. Aliuliza mara mbili. Nikaeleza: huyu mama alinikosea sana, lakini hakuna mtu alimlazimisha kuandika hiyo barua. Mkimfuta kazi, mtakuwa mnawafundisha wengine wanyamaze.

Walimvua u-deputy. Kazi hakupoteza. Sasa ni mwalimu wa kawaida, na file yangu imesafishwa kwa barua.

Nimemsamehe? Nilimwambia ndiyo, nje ya hiyo ofisi, tukiwa tumesimama kwa jua. Kuna siku msamaha unashika, kuna siku naamka na hasira upya na inabidi nianze tena. Lakini nimeona mtu akibadilika kwa macho yangu, na haikuonekana kama ile ya jukwaani hata kidogo. Ilikuwa kimya, na ilimgharimu.

Nilichojifunza: neema ni ya bure, lakini haikupi ruhusa ya kumruka mtu uliyemuumiza. Ikikuingia kweli itakutuma kwake.

Uwanja ni wenu. Wanaotaka kuniambia niko na uchungu, najua, niambieni tu. Lakini mkishamaliza, kila mmoja afikirie yule mtu aliyemkosea, ambaye ameshamtaja kwa Mungu na hajawahi kumtembelea. Jina msiandike hapa. Mwendeeni yeye mwenyewe.